Akiba ya uzee na ya masomo: namna Marekani ilivyomwachia mfanyakazi mzigo mikononi

Mkongomani anayefika Marekani na kupata kazi katika kiwanda cha nyama, hospitali au depo ya mizigo, kule Louisville, Des Moines au Dallas, anapewa karatasi nyingi za kutia sahihi katika siku za kwanza. Moja kati ya hizo ina jina la ajabu: 401(k). Inamwuliza kama anakubali sehemu ya mshahara wake ikatwe kila anapolipwa, iwekwe akiba ya siku za uzee. Wengi wanajibu hapana. Pesa ya nyumba haijatosha, na huku Uvira, Bukavu na Goma kuna ndugu wanaongojea minervali ya watoto.

Kuna sababu nyingine, ambayo wazee wanaielewa vizuri zaidi. Mtu aliyekuwa na akiba wakati wa Zaire anakumbuka tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka wa 1979, siku ya Noeli, serikali ilipotangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina tena thamani, na wananchi wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Anakumbuka pia mwaka wa 1993, zaire milioni 3 zilipogeuzwa kuwa zaire mpya 1, kwa sababu bei zilikuwa zimepanda mpaka hesabu ikashindikana. Mtu wa namna hiyo akiambiwa aache pesa yake kwa miaka 30 mikononi mwa watu asiowajua, si ajabu akisita.

Wakongomani wanaoulizwa swali hilo si wachache. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, kuliko kutoka nchi nyingine yoyote. Ndiyo maana historia ya akaunti hizi inafaa kujulikana pande zote mbili, kule na huku. Hazikuanza kama zawadi ya serikali. Nyingine zilizaliwa na ahadi iliyovunjwa, nyingine na kifungu kidogo cha sheria ambacho karibu hakuna aliyekitilia maanani.

Ahadi ya kampuni

Zamani, mzee wa Marekani alimtegemea mtoto wake au shamba lake, sawa na mzee wa hapa. Mwaka wa 1875 kampuni ya American Express, ambayo wakati ule ilikuwa ya kusafirisha mizigo, ilianzisha pensheni kwa watumishi wake wazeefu. Kampuni za reli na viwanda zikafuata polepole.

Mwaka wa 1913 katiba ya Marekani ilibadilishwa na kodi ya mapato ikaanza kutozwa na serikali kuu. Katika miaka ya 1920 Bunge lilikubali kwamba pesa ambayo kampuni inaweka katika mfuko wa pensheni isitozwe kodi mpaka siku mzee atakapoanza kuipokea. Hapo ndipo mzizi wa jambo lote ulipo. Kodi haikufutwa, ilisogezwa mbele. Na pesa iliyosogezewa kodi inazaa nzima nzima, bila serikali kuchukua sehemu yake kila mwaka.

Mwaka wa 1935 Raisi Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya Social Security, pensheni ya taifa zima. Mpaka leo mfanyakazi anakatwa asilimia 6.2 ya mshahara kwa ajili yake, na mwajiri analipa kiasi hicho hicho. Lakini pensheni hiyo haikukusudiwa kutosha peke yake.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, mambo yaliharakishwa. Serikali ilizuia mishahara kupanda, na kodi ya matajiri ilifika asilimia 94. Kampuni haikuweza kumvutia mfanyakazi kwa mshahara, basi ikamvutia kwa pensheni. Baada ya vita, vyama vya wafanyakazi vikadai pensheni hizo kwa nguvu. Kijana aliingia kiwandani na miaka 18 akiwa na ahadi mkononi: tumika hapa mpaka uzeeke, nasi tutakulisha mpaka kifo.

South Bend, mwezi wa 12

Mji wa South Bend, katika jimbo la Indiana, uliishi kwa kiwanda cha magari cha Studebaker. Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka wa 1963, kampuni ilitangaza kwamba inafunga kiwanda hicho. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Noeli.

Mfuko wa pensheni ulipofunguliwa, ilionekana kwamba pesa iliyomo haitoshi. Wastaafu na wale waliokuwa wamefikisha miaka 60, watu kama 3,600, walipata haki yao yote. Wafanyakazi kama 4,000 wa miaka 40 hadi 59, wengine wakiwa wametumika nusu ya maisha yao pale, walipata karibu asilimia 15 ya walichostahili. Wengine kama 2,900 hawakupata hata dola moja.

Hakuna sheria iliyokuwa imevunjwa. Wakati ule, kampuni haikulazimishwa kuweka pesa ya kutosha nyuma ya ahadi yake. Chama cha wafanyakazi wa magari kilipeleka kisa cha South Bend mpaka Washington, na seneta Jacob Javits wa New York akapigania sheria kwa miaka mingi. Mwishowe, tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka wa 1974, siku ya wafanyakazi, Raisi Gerald Ford alitia sahihi sheria inayoitwa ERISA. Tangu hapo kampuni inalazimika kuweka pesa ya kweli katika mfuko, na kuna bima ya serikali inayolinda pensheni kampuni ikianguka.

Ndani ya sheria hiyo kulikuwamo mlango mwingine. Mfanyakazi asiye na pensheni kazini aliruhusiwa kufungua akaunti yake mwenyewe, inayoitwa IRA, na kuweka hadi dola 1,500 kwa mwaka bila kuzilipia kodi kwanza. Kabla ya hapo, tangu 1962, nafasi kama hiyo walikuwa nayo tu watu wanaojitumikia wenyewe, kama wakulima, madaktari na wenye maduka, kwa sheria iliyotetewa na Eugene Keogh, mbunge wa Brooklyn.

Kwa hiyo sheria moja ilifanya mambo mawili. Iliikaza ahadi ya kampuni, na papo hapo ikaanza kumwambia mfanyakazi: na wewe pia, jiwekee.

Kifungu cha mwaka wa 1978

Mwaka wa 1978 Bunge lilipitisha sheria kubwa ya kodi. Katikati yake kulikuwa na kifungu kifupi, namba 401, herufi k. Kilihusu hasa kampuni zilizowapa wakubwa wao sehemu ya faida na kuwaacha wachague kuipokea sasa au kuiweka kwa siku za baadaye. Mbunge Barber Conable, ambaye eneo lake karibu na Rochester lilikuwa na kampuni za Kodak na Xerox, alikitetea. Raisi Jimmy Carter alitia sahihi mwezi wa 11, na magazeti hayakukishughulikia.

Miaka miwili baadaye, siku moja ya posho ya mwezi wa 9 mwaka wa 1980, mtaalamu wa mambo ya pensheni aitwaye Ted Benna alikuwa ofisini kwake Pennsylvania akitafuta namna ya kupanga malipo ya ziada kwa banki moja. Aliona kwamba kifungu kile hakikatazi mfanyakazi wa kawaida kuchukua sehemu ya mshahara wake wa kila mara na kuiweka kabla ya kodi. Akaongeza wazo la pili: ili wenye mishahara midogo nao wakubali, kampuni iweke kitu juu ya kile wanachoweka wao.

Banki ile iliogopa na kukataa. Benna akaanzisha mpango huo katika kampuni yake mwenyewe, The Johnson Companies, mwaka wa 1981. Mwaka huo huo ofisi ya kodi ilitoa masharti yaliyokubali njia hiyo, na kampuni kubwa zikakimbilia humo.

Sababu ya kukimbia ni rahisi kuona. Katika pensheni ya zamani, pesa ikipungua ni hasara ya kampuni. Katika 401(k), ni hasara ya mfanyakazi. Kampuni inaweka kiasi chake na kuosha mikono. Mpango uliofikiriwa kama nyongeza ya pensheni ukachukua nafasi ya pensheni yenyewe katika sehemu kubwa ya kampuni za watu binafsi. Benna mwenyewe baadaye alilalamika hadharani kwamba mambo yamekuwa magumu kupita kiasi.

Namna inavyotumika

Tuseme mfanyakazi analipa kodi ya dola 12 kwa kila dola 100 za juu ya mshahara wake. Akiweka dola 100 katika 401(k), mshahara anaoubeba nyumbani haupungui dola 100, unapungua dola 88, kwa sababu kodi ya zile 100 haikukatwa. Kama kampuni inaweka nusu ya anachoweka yeye, akaunti inapata dola 150. Ametoa 88, ana 150. Anayejibu hapana kwenye karatasi ile anakataa pia zile 50 za mwajiri.

Masharti yapo. Pesa aliyoiweka mwenyewe ni yake tangu siku ya kwanza, hata akifukuzwa kazi. Ile ya kampuni inaweza kungojewa: sheria inaruhusu kampuni kumpa yote baada ya miaka 3, au kidogo kidogo mpaka miaka 6. Anayehama kazi kila mwaka anaweza kuiacha nyuma bila kujua. Na mtu akiitoa akiba kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu, analipa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 10, isipokuwa katika hali chache ambazo sheria imezitaja. Katika mwaka wa 2025, mfanyakazi aliye chini ya miaka 50 aliweza kuweka hadi dola 23,500 katika 401(k), na hadi dola 7,000 katika IRA.

Mwaka wa 1997 seneta William Roth wa Delaware aliacha jina lake kwenye aina nyingine ya IRA. Hiyo inageuza utaratibu: kodi inalipwa leo, pesa inaingia ikiwa imekwisha kukatwa, na uzeeni inatoka pamoja na faida yake bila kodi. Kwa mtu ambaye leo mshahara wake ni mdogo na kodi yake ni ndogo, hesabu hiyo mara nyingi inamfaa. Tena kile alichoweka mwenyewe, bila faida, anaweza kukichukua wakati wowote bila adhabu. Kwa anayeogopa kufungiwa pesa yake, hilo si jambo dogo.

Akiba ya masomo

Upande wa shule, habari ilianzia Michigan. Katika miaka ya 1980 bei ya vyuo vikuu ilikuwa inapanda haraka kuliko mishahara. Gavana James Blanchard alileta wazo: mzazi alipe leo, kwa bei ya leo, masomo ambayo mtoto atasoma baada ya miaka 10 au 15. Jimbo litaikuza pesa hiyo na kubeba tofauti ya bei. Sheria ilipita mwaka wa 1986, na mikataba ya kwanza ikauzwa mwaka wa 1988.

Ofisi ya kodi ya serikali kuu ikasema mfuko huo lazima ulipe kodi kwa faida yake. Jimbo la Michigan lilikwenda mahakamani. Mwaka wa 1992 jaji aliipa serikali kuu haki. Mwaka wa 1994 mahakama ya rufaa ikageuza hukumu na kuipa Michigan ushindi. Majimbo mengine yalikuwa yakitazama. Mwaka wa 1996 Bunge likamaliza ubishi kwa kuandika kifungu cha 529, na jina la akaunti likatoka hapo. Mwaka wa 2001 likaongeza kwamba faida yote isitozwe kodi ya serikali kuu kama pesa inalipa masomo, vitabu, au chumba na chakula cha mwanafunzi.

Akaunti ya 529 iko mikononi mwa mzazi, si mtoto. Kama mtoto wa kwanza hakwenda chuo, mzazi anaweza kuipeleka kwa mdogo wake. Pesa ikitumiwa kwa jambo lingine, kodi na adhabu ya asilimia 10 vinakata faida peke yake, si kile kilichowekwa. Tangu 2024, sehemu ya pesa iliyobaki inaweza kuhamishwa katika IRA ya Roth ya mtoto, hadi dola 35,000 kwa maisha yake, kama akaunti imefikisha miaka 15.

Familia za Kongo zinafaa kujua jambo moja: chuo lazima kiwe kati ya vile vinavyotambuliwa na wizara ya elimu ya Marekani kwa misaada ya wanafunzi. Minervali ya mpwa aliyeko shule ya sekondari Bukavu haitoki humo bila kodi na adhabu.

Nani anafaidika

Mwezi wa 1 mwaka wa 2015, Raisi Barack Obama alipendekeza faida ya akaunti za 529 itozwe kodi upya, kwa kuwa msaada huo ulikuwa unawafikia zaidi wenye pesa. Kelele zilitoka pande zote, hata katika chama chake. Kabla ya mwezi kwisha aliliondoa pendekezo hilo.

Hata hivyo alikuwa na hoja. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilionyesha mwaka wa 2012 kwamba familia zisizofikia 3 kati ya 100 ndizo zilikuwa na akaunti za masomo za namna hiyo, na akiba yao ilikuwa karibu mara 25 ya familia zisizo nazo. Punguzo la kodi linamsaidia anayelipa kodi kubwa. Anayelipa kodi ndogo anapata kidogo, na asiye na cha kubakiza hapati kitu.

Bunge lilijaribu kuliziba pengo hilo. Tangu 2002 mfanyakazi wa mshahara mdogo anayeweka akiba ya uzee anaweza kupunguziwa kodi yake kwa hadi nusu ya dola 2,000 za kwanza. Lakini lazima aombe anapojaza karatasi za kodi, na asiyejua haombi.

Kutokujua kuligharimu hata watu waliosoma. Kampuni ya Enron ya Houston ilipoanguka mwezi wa 12 mwaka wa 2001, ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya akiba ya wafanyakazi wake katika 401(k) ilikuwa imewekwa katika hisa za Enron yenyewe. Hisa iliyokuwa na thamani ya dola 90 mwaka uliotangulia ilishuka chini ya dola 1. Watu walipoteza kazi na uzee wao kwa pigo moja.

Mwaka huo huo watafiti wawili, Brigitte Madrian na Dennis Shea, walitoa utafiti juu ya kampuni moja kubwa. Wafanyakazi wapya walipotakiwa kujaza karatasi ili waingie, 49 kati ya 100 ndio walikuwa wameingia. Kampuni ilipowaingiza wote, na asiyetaka ndiye ajaze karatasi ya kutoka, walifika 86. Mishahara ilikuwa ile ile, na faida ile ile. Mwaka wa 2006 sheria ikazihimiza kampuni kufuata njia hiyo, ndiyo maana leo wengine wanakuta wamekwisha kukatwa bila kukumbuka kama walikubali.

Maswali ya likelemba

Katika likelemba au MUSO ya mtaani, hakuna anayetoa pesa kabla ya kuuliza. Nani anashika sanduku? Anachukua nini kwa kazi yake? Zamu inafika lini? Mwenzetu akifa, fungu lake linakwenda kwa nani? Maswali hayo manne ndiyo ya kuuliza mbele ya karatasi ya 401(k), na yote yana majibu.

La kwanza: sanduku la pesa limetengwa na mali ya kampuni. Mwajiri akifilisika, wadai wake hawaruhusiwi kuligusa. Hilo ndilo tunda la South Bend.

La pili, malipo ya wanaosimamia. Wizara ya kazi ya Marekani inatoa mfano huu: mtu ana dola 25,000, anaziacha miaka 35, zinazaa asilimia 7 kwa mwaka. Wasimamizi wakichukua nusu ya asilimia moja kila mwaka, atakuta kama dola 227,000. Wakichukua asilimia moja na nusu, atakuta dola 163,000. Tofauti ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo inakula dola 64,000.

La tatu, miaka 59 na nusu, ambayo imekwisha elezwa.

La nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya DuPont aliachana na mke wake mwaka wa 1994, na katika talaka mke alikubali kwamba hadai kitu katika akiba hiyo. Mwanaume hakubadilisha jina kwenye karatasi ya mpango. Alipokufa mwaka wa 2001, dola kama 400,000 zilikwenda kwa yule mke wa zamani, na binti yake hakupata. Kesi ilifika mahakama kuu ya Marekani, na mwezi wa 1 mwaka wa 2009 majaji wote walisema kampuni ilifanya sawa: analipwa mtu ambaye jina lake limeandikwa.

Kwa hiyo mwenye ndugu kule Marekani, wanapozungumza kwa simu juu ya habari za nyumbani na za minervali, anaweza kuongeza ulizo moja. Ile karatasi ya kazini, ulijibu nini, na uliandika jina la nani?